Mzee Niliyemwamkia Pangoni

Yaani mimi, mkulima wa kahawa wa Ihanda, darasa la tatu sikumaliza, nimekanyaga India! Nilimsindikiza binti yangu, mwalimu, akapasuliwe jicho. Moja lilishakufa, na hili lililobaki lilikuwa linaona ukungu tu.

Siku moja kabla ya kupasuliwa akasema, "Mama, twende kwenye yale mahekalu ya mapangoni ya Wabudha. Miaka yote nayafundisha kwa picha. Hata nikipofuka, niwe nimefika."

"Funga mdomo huo," nikamwambia. Lakini tukaenda.

Jamani, watu wa kale walikuwa na mikono! Mwamba mzima wameuchimba ndani. Nguzo, tembo, dari ina mbavu kama tumbo la ng'ombe. Mimi ndiye nikawa macho yake.

"Huyu mwanamke wa ukutani kashika ua. Kavaa shanga."

"Mzuri?"

"Anakuzidi."

Tukaingia chumba cha nyuma, giza. Nikaona mzee kakaa kimya, mikono mapajani. Sasa nimpite mzee hivihivi? Kwetu haiwezekani. Nikashuka magoti, nikapiga makofi taratibu, ndivyo tunavyoamkia na kushukuru. "Shikamoo, baba." Kimya. Nikarudia.

"Mama, unamwamkia nani?"

"Kuna mzee hapa. Labda hasikii vizuri."

Akanyoosha mkono, akapapasa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, ni jiwe! Umemwamkia Budha!"

Mimi, mzee wa kanisa, nimepigia sanamu magoti, na kesho mwanangu anapasuliwa! Tukarudi tulikofikia. Nikaona kitenge changu kina madoa mawili ya vumbi, magotini. Nikasugua, wapi! Nikaomba, "Bwana, ile ilikuwa adabu tu. Usimlipizie mtoto."

Kesho yake nikakaa nje ya chumba cha upasuaji na kitenge hichohicho, maana kingine nilimfunika nacho yeye. Kila mlango ukilia, nasimama.

Siku ya kufungua bandeji nilikivaa tena, sijui kwa nini. Daktari akabandua polepole. Binti yangu akapepesa, akapepesa. Akaniangalia usoni, halafu jicho likashuka chini.

"Mama," akasema, "vumbi la yule mzee bado unalo magotini."

Nikashuka magoti palepale, makofi pa, pa, pa. Daktari wa watu hata hakujua aitikie nini.