Hodi Mlangoni mwa Mir

Mnisamehe kwa mwandiko wangu mbovu na herufi nitakazokosea. Nilisoma Wete mpaka darasa la saba tu, na kalamu yangu huenda polepole. Vijana wa msikitini hapa Thornton Heath wameniomba niwaeleze kazi yangu ya London, basi nitajaribu.

Siku ya kwanza binamu yangu aliniacha mlangoni mwa karakana ya kutengeneza mifano ya makumbusho. Kwa haya nilizokuwa nazo, hata jina langu nililitaja kwa kunong'ona. Fundi mkuu, Mwingereza mwenye sauti nene, alinipa tambara akanionyesha mfano wa Mir, kituo cha anga cha Warusi, mkubwa kiasi cha mtu kuingia ndani. Mir yenyewe wakati huo ilikuwa bado inazunguka juu yetu.

Alinieleza kuwa vituo vya mwanzo vilirushwa vikiwa kitu kimoja. Mir ilijengwa huko huko juu, chumba baada ya chumba. Chumba kikuu kilikuwa na kichwa cha mviringo chenye milango kila upande, na kila chumba kipya, yaani moduli, kilikuja kikashikana nacho.

"Moduli ya kwanza iligoma kushikana vizuri," alisema. "Wanaanga wakatoka nje, wakakuta mfuko umenasa kati. Kwa hiyo hapa tunafuta pete ya mlango kwanza, ndipo tunasukuma."

Yeye akaingia ndani kufuta pete, mimi nikabaki nje kusukuma moduli juu ya reli. Hatukuonana. Ilinibidi nimwonye kabla ya kusukuma, nisije nikambana vidole, lakini Kiingereza kilinitoroka. Nikagonga bati, nikaita, "Hodi!"

Kichwa chake kikachomoza. "Ndiyo nini hiyo?"

Kwa maneno ya kuokoteza nikamwambia kwamba kwetu mgeni haingii mpaka aambiwe karibu.

"Na nisiposema?"

"Napiga mara tatu, kisha narudi nyumbani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Usirudi nyumbani, bwana. Karibu!"

Tangu siku ile karakana nzima ikawa inapiga hodi. Ukiitikia karibu, maana yake pete ni safi na mikono imetoka.

Mfano ulipopelekwa makumbusho, nilihamia nao nikiwa mtunzaji. Baadaye Mir ilizeeka, ikashushwa, ikaungua, na mabaki yake yakaanguka Pasifiki. Mkuu wa maonyesho, mama mpole lakini mwepesi wa kukata shauri, akaniita.

"Cha juu hakipo tena. Nani atakuja kutazama mfano wake? Baada ya likizo tutaubomoa."

Nyumbani mke wangu alinitania. "Kopo la Warusi limezama, wewe ndiye umekaa matanga! Si useme naye?"

"Nimwambie nini mimi?"

"Umewafunza Waingereza kupiga hodi, leo mlango wa mkubwa wako unakushinda?"

Kesho yake nikagonga. Sikuwa na hotuba. Niliomba watoto wanaotembelea makumbusho waruhusiwe kuunganisha wenyewe moduli ya mwisho, naye akae ndani kuwapokea. Alikubali, Jumamosi moja tu.

Siku ilipofika niliwafundisha watoto kanuni yetu, mkuu akisikiliza, kisha nikampa tambara akaingia ndani. Wakagonga. "Hodi!"

"Haya, sukumeni," mkuu akasema kutoka ndani.

Hakuna aliyesukuma. "Hodi!"

"Hajasema karibu," msichana mmoja alininong'oneza kwa Kiingereza, amekunja uso. "Labda hajafuta."

"Hodi!" Hii ilikuwa ya tatu. Ndipo nikasikia tambara likizunguka pete, taratibu, mpaka mwisho.

"Karibu," mkuu akasema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Karibu!"

Moduli ikateleza, ikashika. Watoto wakashangilia, na waliokuwa nyuma wakadai zamu yao. Mkuu alitoka na vumbi mikononi, akaitazama foleni. "Jumamosi ijayo," aliniambia, "niletee tambara safi."

Mfano haukubomolewa. Niliutunza mpaka nilipostaafu. Mir ilizama, lakini ufundi wake haukuzama nayo. Kituo kilichoko juu leo kimeungwa vivyo hivyo, chumba kwa chumba, na watu wa nchi nyingi. Kijana mwenye haya asidhani hana la kuleta. Huenda likawa neno moja tu la kwao.

Nanyi niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, mnieleze kazini kwenu mnaitana vipi kabla ya kusukuma. Mimi nipo, nangoja nje ya mlango.

Hodi.