Kijiko cha Kwanza cha Musaka

Elieth alitoka Marangu akiwa binti mbichi, akaja kuzeekea kazi ya kutunza wazee wa watu huku Maryland, Marekani. Wazee wake mwenyewe walizikwa yeye akiwatazama kwenye simu. Ndiyo dunia tuliyojichagulia. Mwaka huu alipewa Bi Kaliopi, mjane wa Kigiriki wa Takoma Park, na siku ya kwanza nusura adondoshe mkoba mlangoni.

"Wewe mtu wa wapi?" bibi alimuuliza. Kwa Kiswahili!

Kumbe alizaliwa Kibosho, kwenye shamba la kahawa la baba yake, wakaondoka mashamba yalipotaifishwa. Nusu karne imepita, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha kuamrisha watu jikoni. Elieth alimpenda hivyo hivyo.

Shida ilianza bibi aliporudi kutoka hospitali. Huko walimsagia vidonge wakamchanganyia kwenye chakula bila kumwambia, naye akagundua kwa uchungu uliobaki ulimini. Tangu hapo alikunywa chai na kutafuna mkate mkavu, lakini chakula cha sufuriani alikitazama kama nyoka. Mwili ukapukutika. Mwanawe, Nikos, akatoa neno: atakuja Jumapili, na akikuta mama yake bado hali, atampeleka nyumba ya wazee. Elieth alizijua nyumba zile, aliwahi kufanya kazi humo. Trei inaletwa, mtu anakula akitazama ukuta.

Jumamosi akajaribu. "Bibi, hivi chakula gani kingekutoa mate?"

"Musaka. Lakini nyinyi Wachaga mnajua ndizi tu."

"Na nyinyi mlijua kuzila tu. Nifundishe."

Kesho yake akamsogeza jikoni na kiti chake cha magurudumu, na bibi akapata ufalme wake tena. "Kata biringanya nene kama kidole. Tia chumvi, uziache zitoke jasho. We mwanamke, usizikamue kama nguo!" Elieth akakaanga. Akapanga viazi chini ya bakuli la kuokea, juu yake biringanya, kisha nyama ya kusaga iliyoiva na vitunguu, nyanya na mdalasini, kisha biringanya tena. Mwisho akafunika yote kwa mchuzi mweupe mzito wa maziwa, unga, siagi na mayai. Wapishi wa siku hizi hubonyeza simu wakaletewa boksi. Hawa wawili walikuwa wanapika.

Bakuli lilipoingia ndani ya oveni, bibi akasinzia. Hajaamka bado, Nikos akapiga simu kwamba yuko njiani. Elieth akalitoa bakuli haraka, juu pamekuwa dhahabu, pembeni panatokota. Kwao mtu unayemheshimu humpi chakula kilichopoa. Akakata palepale, akapakua kikifuka mvuke.

Musaka haiendi hivyo. Hutakiwa kupumzika kwanza mpaka ishikamane. Matabaka yakaporomoka yakawa rojo.

Bi Kaliopi akafumbua macho, akaitazama sahani, na uso ukajifunga. "Musaka huonekana kila tabaka lake. Hii umeivuruga. Umeivuruga ufiche vidonge."

"Haki ya Mungu, Bibi..."

"Toa!"

Elieth akabaki ameishika sahani. Angeapa mpaka jioni asiaminiwe. Hata wale wa hospitali walimwapia. Ndipo akakumbuka nyanya yake na mbege, ile pombe ya ndizi ya kwao. Mwenye pombe hakukabidhi kata ya kunywea kwa mgeni kabla hajanywa yeye mwenyewe, mgeni akimtazama, ili ajue haina sumu. Siku hizi kwenye harusi zetu hugawiwa soda za chupa, na hakuna anayemwonjea mwenzake kitu.

Shirika lililomwajiri lilikataza kabisa kula chakula cha mteja. Elieth akapiga magoti mbele ya kile kiti, akachota katikati ya sahani, akatia mdomoni. Kikamuunguza! Akahema, machozi yakamtoka, asiteme. Akameza.

Bi Kaliopi alikuwa amemkodolea macho. "Mama Ndeshi wa kule shambani alifanya hivyo," akasema polepole. "Wakati wa mavuno. Alikunywa mbege yeye kwanza, kisha akampa baba yangu." Akaanza kucheka. "Lakini yeye hakuungua, mjinga wewe! Lete kijiko."

"Hiki nimeshakitia mdomoni, Bibi. Nikuletee kingine."

"Hicho hicho."

Akapuliza, akala. Akachota tena. "Mdalasini hautoshi," akasema mdomo umejaa.

Nikos aliingia akawakuta na sahani moja na kijiko kimoja. Akafungua kinywa, pengine kuuliza habari za masharti ya shirika, lakini mama yake akamwambia kwa Kiingereza kwamba kama ana njaa akalete kijiko chake. Akasimama kitambo akimtazama anavyotafuna. Kisha akatoka barazani, akawapigia nyumba ya wazee kuwaambia kitanda walichomwekea mama yake wampe mwingine.

Tangu siku ile hakuna chakula kinachomfika Bi Kaliopi kabla Elieth hajakionja mbele yake. Elieth mwenyewe amenenepa, na watoto wake wanamcheka kwa Kiingereza. Waache wacheke. Kila akiinua kijiko humshukuru Mungu, halafu nyanya yake, aliyemwachia desturi ambayo wengi wetu tuliitupa njiani tukidhani ni mzigo.