Watoto Sita wa Badibanga Henri

Mwaka 1955 Badibanga Henri alikuwa karani wa ghala katika mgodi mmoja wa Kolwezi, mtu aliyesoma, mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati, moja tu ikiandika. Nyumba aliyokaa na mkewe Mbelu na binti zao wawili ilikuwa ya kampuni. Siku ambayo angeacha kazi, angetoka humo na magodoro kichwani. Kwa hiyo aliazimia kuwa mwenye nyumba, tena mwenye wapangaji, yeye akiketi barazani na gazeti lake huku wao wakimletea kodi.

Kiwanja, au lupango kama walivyokiita huko, alikuwa amekwisha kukipata, kidogo, chenye kichuguu katikati. Kilichobaki kilikuwa mkopo. Ofisi ya mikopo ilitoa ramani kwa kufuata idadi ya watoto: mwenye wawili, chumba kimoja cha kulala; mwenye sita, vyumba vitatu. Henri aliitazama karatasi ile Jumapili nzima. Vyumba viwili vikipangishwa, mkopo ungejilipa wenyewe. Walipungua watoto wanne tu.

Mbelu alimwuliza kama watoto siku hizi wanauzwa sokoni pamoja na mihogo. Henri akamkumbusha mkewe kwamba anaye dada, Ngalula, kule Kisenge, mwenye watoto wanne, na likizo inakaribia.

Ngalula alikuja nao kwa treni. Hakuuliza mengi, alitaka kujua tu kama shule za Kolwezi ni nzuri. Henri, kwa furaha yake, akazisifu zote. Wiki hiyohiyo alimwahidi chumba Kyungu, fundi cherehani, naye Kyungu akaenda kiwanjani na futi, akapima mahali pa cherehani yake katikati ya nyasi.

Afisa wa mikopo, Mbelgiji mwenye soksi ndefu, aliwakuta watoto sita wamepangwa kwa urefu, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wawili walikuwa na miaka saba na hawakufanana hata masikio. Henri alieleza kwamba ni mapacha.

"Hawa bote ni batoto bako?" afisa aliuliza.

"Bote ni bangu, Bwana."

Mdogo kabisa, wa miaka minne, akamshika Henri suruali na kumwita tata, yaani baba, kama alivyofundishwa kwa peremende. Afisa akaandika majina yote.

Siku ya kutia sahihi, afisa alimsomea masharti. Nyumba ni ya familia, mpangaji haruhusiwi. Kila mwaka atakuja kuwahesabu watoto, na wakipungua, nyumba na kiwanja vitachukuliwa. Kalamu ya Henri ilisimama hewani. Angeweza kusema ukweli na kurudi nyumbani bila nyumba. Akajaribu bahati, huenda sahihi ikaahirishwa: akairudisha mfukoni, akachomoa ile isiyoandika. Afisa akamwazima yake.

Likizo ilipokwisha, Ngalula alikwenda stesheni na kikapu kimoja. Henri alimfuata mbio, watoto wanne nyuma yake.

"Shemeji, umesahau batoto."

"Sikusahau," Ngalula alisema, akipanda behewa. "Mu kitabu ya Muzungu beko batoto bako. Ubasomeshe bizuri, Tata Henri."

Mwaka uliofuata nyumba ilikamilika: vyumba vitatu, saruji chini, mabati juu. Vyumba vyote vilijaa. Wakazi wake walidai bukari, ule ugali wa huko, mara mbili kwa siku, walidai viatu, waliandika alfabeti ukutani kwa mkaa, na gazeti la Henri walilifanyia majalada ya madaftari kabla hajalisoma. Afisa alikuja, akahesabu sita, akamsifu mbele ya majirani kwamba ni baba wa mfano. Mbelu aliingia jikoni kucheka.

Baada ya afisa kuondoka, Kyungu alifika na futi yake. Aliuliza kwa adabu chumba chake kitakuwa wazi lini.

Henri alimtazama yule mdogo, aliyekuwa amepanda dirishani na kipande cha muhogo mkononi.

"Ngoja kidogo, Tata Kyungu," alisema. "Mpaka huyu aoe."