Kondoo Tuliyepewa Bure

Mzee aliyetuuzia kondoo wa Idi kila mwaka aliianza kazi hiyo utotoni, wakati wa Wabelgiji, akichunga kondoo wa mzungu mmoja. Mzungu alipoondoka, kondoo wakabaki Gatsata, kando ya Kigali, na mchungaji akawa ndiye mwenye mali. Vyama vingi vilipoingia, naye akaingia siasa kwa kishindo, na suti juu. Suti yenyewe alishonewa na baba yangu.

Baba alishonea vyama vyote na hakuwa mwanachama wa chochote. Kupoteza wateja kwa ajili ya chama lilikuwa jambo dogo. Siku zile watu walipigwa mawe kwa sababu ya kofia ya chama tu.

Mwaka ule mzee alikataa pesa. "Chukua tu, Fundi," alisema. Baba akamwombea dua, tukachinja, tukagawa nyama. Kwetu ilikuwa sadaka, basi. Babu yangu alitoka pwani, sawa, lakini baba alizaliwa Kigali hapa hapa. Mpaka leo sielewi alisahauje kwamba kwa wafugaji wa nchi hii, ukipokea mnyama bure umekuwa mtu wa aliyekupa.

Wiki chache baadaye tulipeleka vitambaa vya chama chake kwenye mkutano, Gikondo. Mzee alikuwa juu ya lori, kipaza sauti mkononi. Akatuona.

"Fundi, kuja hapa juu! Huyu iko mtu yangu! Alikula kondoo yangu!"

Watu wakapiga makofi. Baba alitabasamu kama mtu aliyetaniwa.

"Mzee, nitalipa. Leo hii nitalipa."

"Unalipa nini? Nyama iko kwa tumbo!"

Vijana wakatufungulia njia, na njia yenyewe ilikwenda kwenye lori tu. Nilimshika baba mkono. Akaniondoa polepole, akapanda, akainamisha kichwa, akavishwa kofia. Mungu wangu!

Asubuhi alikuja jirani yetu, mteja wa miaka mingi, ambaye mumewe alikuwa wa chama kingine. Hakumsalimia baba. Alilichukua gauni lake mezani, mkono mmoja haujaunganishwa, pini zimejaa begani.

"Litakuchoma, mama," baba alimwambia. "Subiri nimalize."

"Nitavaa hivyo hivyo," akasema, akatoka nalo.