Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao, na saa tatu na robo kompyuta ilikuwa bubu. Nilikuwa nyumbani kwetu Iringa. Wasaili walikuwa Mbeya, na kazi ile nilikuwa nimeisubiri tangu nimalize chuo. Simu isingefaa, maana nilitakiwa kuwaonyesha kazi zangu kwenye skrini.

Mimi ndiye niliyeufuta mfumo endeshi uliokuja na kompyuta ile nikaweka mfumo huria, baada ya kumhutubia mama kwamba mtu asitumie kitu asichoruhusiwa kukichungulia ndani. Mama aliuliza swali moja tu: kikiharibika, utamwendea nani? Nililicheka. Asubuhi ile sikulicheka.

Nikaangalia mipangilio. Sauti haikuwa imezimwa. Nikafungua dirisha la amri, nikaiwasha upya huduma ya sauti, nikapiga wimbo wa kujaribia. Vimistari vya kijani vilipanda na kushuka kama kawaida, spika kimya. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikaurudia wimbo. Kimya. Nikawaandikia watu nisiowajua kwenye jukwaa la mtandaoni. Nikalaumu masasisho ya mfumo niliyoyaweka juzi. Nikajilaumu.

Mama aliingia mara mbili. Mara ya kwanza alileta chai, akaanza kusema kitu, nikamwomba aniache kidogo. Mara ya pili, saa nne kasoro dakika sita, hakusubiri ruhusa.

"Jana niliisogeza nikafuta vumbi. Waya nikarudisha mwenyewe."

Kompyuta yetu huvishwa kitambaa cha kufuma, sawa na televisheni na redio, nacho huning'inia mpaka nyuma. Nikakifunua. Waya wa spika ulikuwa kwenye tundu la waridi, la maikrofoni. Nikauhamishia tundu la kijani, la spika. Wimbo ukalipuka chumba kizima.

"Si ungeniuliza, mwanangu," mama akasema.

Saa nne kamili nyuso tatu zilitokea. Mwanamke wa katikati, kwa sauti niliyoisikia vizuri mno, akanitaka nieleze tatizo la kiufundi nililolitatua karibuni. Nilikuwa na jibu la mradi wa chuo, nililokariri wiki nzima. Mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akingoja nimalize akirudishe.

"La leo sikulitatua mimi," nikaanza.