Pikapu ya Baba Nyuma ya Yadi

Kila asubuhi, kabla sijafungua geti, naandika habari. Si habari za dunia. Ni habari za yadi yetu ya magari hapa Sumbawanga, na zinakwenda kwenye kundi la simu walimo wateja wetu wote, waliokwisha kununua na wale wanaokuja kugongagonga matairi kwa mguu na kuondoka. Naandika nani kachukua gari gani, gari lipi limefika kutoka Dar, nani kapata mtoto, nani kafiwa. Niliwahi kuandika juu ya kuku aliyetaga kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe, na mteja aliyelinunua akadai kwamba mayai ni yake. Watu wanazipenda. Alhaji, mwenye yadi, ambaye familia yake ina maduka na malori mjini hapa tangu enzi za baba yake, husema habari zangu zinauza magari kuliko yeye.

Msimu wa mavuno uliopita kulikuwa na gari moja ambalo sikuliandika. Ilikuwa pikapu ya baba yangu.

Nikieleza nitaonekana najitetea, lakini nitaeleza. Baba anaishi kijiji kimoja karibu na Kate, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka hapa, analima mahindi na ulezi, na kwa miaka mingi pikapu yake ndiyo ilikuwa gari pekee pale. Wagonjwa, wajawazito, maiti, maharusi, wote walipanda humo. Halafu macho yake yakaanza kufifia. Jioni moja aliacha barabara akaingia katika shamba la maharage la jirani, nyuma amembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hakuna aliyeumia, na baba akawa anakisimulia kisa kile kama kichekesho. Sisi watoto wake hatukucheka. Kaka zangu, mmoja yuko Mbeya na mwingine Dar, walipigiana simu wakaamua gari liuzwe, kisha wakaniambia, "Wewe ndiye uko karibu." Aliye karibu ndiye hupewa kazi chafu, aliye mbali hupewa kazi ya kushauri.

Nilipaswa kukaa na baba nimwambie kwamba haoni vizuri, siku moja ataua mtu, tunaiuza. Sikuthubutu. Baba ni mbishi, na mimi nimerithi ubishi wake bila ujasiri wake. Nilimwambia breki zinapiga kelele, naipeleka gereji mjini. Akanipa ufunguo pale pale. Kadi ya gari ilikuwa tayari ina jina langu, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka iandikwe hivyo, akisema mimi ndiye ninayejua mambo ya magari. Nikaiendesha hadi yadi, nikaiegesha nyuma kabisa kati ya trekta bovu na tangi la maji, ili mtu akisimama getini asiione.

Sikuitangaza kwa sababu mwenye duka wa kijijini kwetu yumo kwenye lile kundi, na jioni humsomea baba habari zangu. Baba hujivuna nazo mbele ya wenzake.

Basi akawa ananipigia simu. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Namjibu fundi anasubiri kifaa kutoka Mbeya. Akipiga tena, kifaa kimefika lakini si chenyewe. Nikawa hodari wa uongo mpaka nikajiogopa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu niliirefusha kwa vipuri. Siku niliyoiosha ile pikapu nilikuta chini ya kiti kofia ya sufu ya mtoto mchanga. Niliitia mfukoni, nikaona aibu, nikairudisha nilikoitoa.

Alhaji alivumilia, halafu akaniita. "Binti yangu, hili gari linauzwa au linafichwa?"

"Linauzwa, Alhaji."

"Basi lisogeze mbele."

Nililisogeza, na haikuchukua muda akaja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Muze, kule bondeni, anayetafuta gari la kupandishia magunia mlimani. Akaizunguka pikapu, akalala chini kutazama chasisi, akaendesha kidogo, akaridhika. Kisha akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Hapa kwetu gari lililotoka nje ya nchi hununuliwa kwa macho. Lililotumika hapa hapa hununuliwa kwa neno la mwenyewe. Mnunuzi anataka kumwona aliyekuwa akilishika, asikie tabia zake, asikie kama limewahi kuua mtu, na mwisho aambiwe kwa kinywa, "Nenda nalo salama." Bila hivyo wengi hawachukui, na Alhaji naye hauzi. Nilimwonyesha yule mfanyabiashara kadi yenye jina langu. Akatikisa kichwa.

"Jina ni lako, dada. Ila mikono iliyochakaza huu usukani siyo yako."

Hapo ningeweza kusema kweli nikapumzika. Badala yake nilimwomba twende wote kwa baba, na huko ajifanye fundi, maneno atayasikia bila mzee kuumia. Hivyo ndivyo nilivyosema, bila mzee kuumia. Hakupenda. Alikubali kwa sababu aliitaka pikapu.

Tulikwenda na gari dogo la yadi. Tulimkuta baba uani, kajikunyata ndani ya koti zito kwa ajili ya upepo, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekuja bila mgonjwa?"

"Nimekuja na fundi. Anataka kukuuliza tabia zake."

Baba alifurahi, na furaha ile ndiyo inayoniuma mpaka leo. Alimvutia mgeni kigoda, akaanza. Gia ya pili haitaki nguvu, isubiri. Mlango wa kushoto unafunguka kwa ndani tu. Wakati wa baridi ilaze mtelemkoni, asubuhi iwake kwa kusukumwa. "Na ukibeba mgonjwa," alisema, "ukifika hospitali usizime injini mpaka wampokee. Wanaweza wakakwambia mpeleke kwingine, na hii ukiizima ikiwa ya moto, inanuna."

Mgeni aliitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee," macho yake chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikumkatiza baba, kwa kuwa kila neno lake lilikuwa linaiuza pikapu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, na moyoni, naandika hili kwa aibu, nilikuwa naona kwamba mambo yanakwenda sawa.

Kisha mgeni akajisahau. "Na mafuta, mzee? Inakula sana?"

Baba akaacha kupukuchua, hindi mkononi. Fundi haulizi mafuta, hayanunui yeye. Alimsogelea yule mtu, akamkazia yale macho yake mabovu, halafu akanigeukia mimi.

"Haili sana," alisema taratibu. "Ukiitunza, haili."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa pili uliofungwa kitambaa. Akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. "Fundi angetosheka na mmoja," akamwambia. "Haijawahi kuua mtu. Nenda nayo salama." Yule mfanyabiashara akaupokea, akainama, akaenda kunisubiri garini.

Nilipiga magoti pale penye maganda. "Nisamehe, baba. Ni haya macho yako."

"Macho yangu nayajua, ndiyo ninayoyatumia. Ungeniambia, ningekataa. Ungerudi tena, ningekufukuza. Baadaye ningekaa peke yangu, nikafikiri, nikakupa mwenyewe. Wewe ukaona hata hilo la kukataa nisipewe."

Nililia. Hakunibembeleza. Alirudi kwenye kigoda chake, akachukua hindi.

"Sasa nifundishe, maana wewe ndiye unayejua mambo ya magari. Wakija kugonga hapa na mjamzito, niwaambie nini? Niwaambie gari liko gereji?"

"Waambie wanipigie mimi, baba. Nitakuja na gari la yadi."

"Kutoka Sumbawanga?"

"Kutoka Sumbawanga."

Hasira ilikuwa imemtoka, na ingekuwa afadhali kwangu kama angebaki nayo. Alipukuchua mstari mmoja wa punje, akapukuchua mwingine.

"Na huyo mtoto," akauliza, "nimwambie asubiri?"