Mtani Aliniambia Bima ya Pikapu Hainihusu, Nikacheka

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, jina langu nakuomba ulifiche vizuri, maana gazeti lenu linafika mpaka Kisarawe, na ukweni kwangu hulisoma lote kabla ya kulifungia maandazi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mzaramo, mjane, naishi Kibaha upande wa Tumbi na wanangu wanne. Nina tabia ya kushuku, sikatai. Hata chumvi ya duka la ushirika naionja kabla sijaondoka dirishani. Lakini hili la safari hii limenizidi kimo.

Mume wangu alituachia pikapu. Ilikuwa ikibeba mihogo na mananasi kutoka Kisarawe kwenda sokoni Dar es Salaam, na ndiyo iliyotulisha. Alipofariki, mdogo wake anayekaa Kisarawe akashika usukani. Nisimdhulumu shemeji yangu: kila Jumamosi alikuwa analeta chakula, na watoto wanampenda baba yao mdogo kweli kweli.

Bima ikaisha nikiwa edani. Mwanamke wa eda haendi kupanga foleni maofisini, kwa hiyo shemeji akanisemesha akiwa mlangoni, "Shemeji, wewe tulia, hilo niachie mimi." Aliporudi nikamuuliza kama amekata ile kubwa, maana nilikuwa nikimsikia marehemu akiitaja. Akacheka. "Aah, bima ni bima, shemeji! Siku hizi shirika ni la umma. Gari likiumia, umma unalipa." Nikaona kweli. Kama shirika ni letu sote, litatunyimaje chetu?

Siku ya arobaini wakaja watani. Mmoja wao ni Mnyamwezi, karani wa ofisi ya bima, na mnajua mtani kwenye msiba wetu hana mpaka. Akalala chali mbele ya pikapu, kajitanda kanga, anapiga kelele: "Nikanyageni, Wazaramo! Mkinigonga mimi nalipwa! Lakini gari hili likivunjika, mjane atalia peke yake! Hiyo ndiyo bima mliyomkatia!" Watu mbavu hawana. Mimi niliyekuwa ndani nilicheka mpaka nikajionea haya. Ikabidi atolewe kuku ndipo ainuke. Nani anamsikiliza mtani jamani?

Mwezi uliopita breki zikakatika kwenye mteremko wa Pugu. Shemeji akaacha njia, akaangusha ukuta wa nyumba ya mzee mmoja. Alhamdulillahi hakufa mtu, yeye mwenyewe alichubuka tu. Shirika likamlipa mzee, kajenga ukuta wake. Sisi tukatoka patupu. Pikapu imekunjika mbele kama kopo lililokanyagwa, na hatukupewa hata parafujo.

Nikafunga safari mwenyewe hadi ofisini kwa yule mtani. Akanieleza polepole. Bima ndogo, ambayo sheria inataka kila gari liwe nayo, inamlipa uliyemgonga, basi. Ipo ya katikati, inaongeza gari lako likiungua au likiibwa. Kubwa ndiyo inayotengeneza na gari lako mwenyewe. Bei yake iko juu, lakini aliyekaa miaka bila kudai kitu hupunguziwa, na marehemu alikuwa amefikia punguzo zuri tu, wangeweza kutufikiria nasi.

Kisha akafunga mlango. "Mama, safari hii sitanii. Shemeji yako aliniuliza jambo moja: gari la bima kubwa likiharibika, hela anapewa nani? Nikamwambia warithi, yaani mjane na watoto. Akasema, basi andika ndogo."

Nikamkodolea macho nitafute kicheko. Kilikuwepo kidogo pembeni mwa mdomo, lakini huyo ndivyo alivyo. Tangu nimjue hajawahi kunisalimia bila kuitukana mihogo yetu! Nimwamini leo?

Shemeji alipokuja nikamuuliza ana kwa ana. Akaapa kwa kaburi la kaka yake. "Hela haikutosha, shemeji. Nilinunua matairi." Na matairi yalikuwa mapya, niliyaona kwa macho yangu. Lakini hapo hapo akaniambia kapata mtu wa kuinunua kama chuma chakavu, fundi rafiki yake wa huko huko Kisarawe, na Ijumaa anakuja kuchukua kadi ya gari. Haraka hiyo ya nini? Chuma chakavu kinataka kadi ya kazi gani? Nikimuuliza jina la fundi, anakohoa. Na mkewe, ambaye hata Idi hanitembelei, jana kaja na mkungu wa ndizi, kakaa, kanywa chai, halafu eti, "Kadi si iko salama, dada?" Nikamjibu iko salama kuliko mimi.

Ningeitisha kikao cha ukoo. Lakini kwetu maneno ya mtani hayashikwi. Mtani hakasirikiwi, hashitakiwi, na sijapata kuona mahali alipochukuliwa kuwa shahidi. Nikimsingizia shemeji bure, wanangu watakosa mwanamume pekee aliyekuwa akiwaangalia tangu baba yao aondoke. Nikinyamaza, huenda miezi michache ijayo wakaiona pikapu ya baba yao inapita imepakwa rangi nyingine, na anayeiendesha ni baba yao mdogo. Usingizi sina, chakula hakipiti, na hasira zinanipanda hata kwa asiyehusika.

Nishaurini ndugu zangu, hasa ninyi mliofiwa mkabaki mikononi mwa mashemeji. Ijumaa nimkabidhi kadi yaishe? Au niwaite wazee wa ukoo nikiwa na shahidi mmoja tu, ambaye hata akilia machozi mbele yao, watacheka?